Mikanda ya Viti Vyangu Mbele ya Wakaguzi

Jumatatu, 2 Juni

Nimefungua karakana saa kumi na mbili na nusu, kama kawaida. Upepo mkali. Vumbi la Chang'ombe yetu ya Dodoma limeingia hadi kwenye kopo la gundi. Niandike ukweli tu, kwa vile hakuna wa kunisoma: Serikali ilihamia Dodoma kwa sababu nyingi, na mojawapo ni mimi. Makao makuu hayawezi kukaa mahali pasipo na fundi. Kuna mkubwa mmoja, jina silitaji, alipita hapo nje na gari lake, akapunguza mwendo, akakitazama kiti nilichokiweka mlangoni kikauke rangi. Akaondoka bila neno. Wakubwa wakishtuka huwa hawasemi.

Leo nimemaliza kiti namba kumi na tisa. Mbao ya mninga, magurudumu ya baiskeli, mikanda ya ngozi niliyoilainisha kwa mikono yangu hii. Mkanda wangu haukatiki. Nilikoanzia kazi, Mpwapwa, kwenye matandiko ya punda na mikanda ya maksai, mkanda wangu mmoja ulivuta lori la mahindi kutoka korongoni. Punda wawili tu. Lori limejaa. Watu walipiga magoti pale pale mchangani.

Mpwa wangu Rehema, mtoto wa dada yangu mkubwa, ndiye mkuu wa kituo chetu cha watoto wenye ulemavu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Amesoma mpaka vitabu vikamwishia. Mwezi wa kwanza aligawa madaftari, kila mfanyakazi aandike kila siku amemfanyia nini mtoto yupi. Mimi nilichukua mawili. La kazi bado jeupe. Kazi yangu inaonekana kwa macho, ya nini kuiandika. La pili ndilo hili.

Jumatano, 4 Juni

Kikao cha ghafla. Rehema amesoma barua amesimama. Wakaguzi wa ithibati wanakuja Jumatatu, wanakaa siku mbili. Wanapima kama kituo kinafikia viwango vya ubora vya huduma za utengamao. Utengamao, nilivyoelewa mimi, ni mtu mwenye ulemavu kusaidiwa aishi maisha yake sawasawa. Tukifaulu tunaidhinishwa. Tukishindwa, kuanzia Julai haturuhusiwi kupokea mtoto, na waliopo warudi kwao.

Mama Tabu, mpishi wetu, aliacha kumenya viazi.

Watoto kumi na wawili wanalala hapa. Wengine wanaletwa asubuhi mgongoni mwa mama zao. Zawadi ametoka Kolo, huko Kondoa. Ana miaka kumi na miwili. Alizaliwa na mgongo wazi, miguu haina kazi, kiwiliwili kinalala upande kisipoegemezwa. Mikono mizima. Kichwa kinafanya kazi kuliko changu. Hilo la kichwa nisilirudie popote. Akirudishwa Kolo anarudi kwenye kile chumba alichotolewa, kitandani, mlango ukifunguliwa anaona kuku. Shule ya huko ina ngazi.

Nilisimama nikawaambia wasiogope. Mkaguzi akishafika karakana yangu atasahau kilichomleta. Rehema akasema anachoomba kwangu ni daftari la kazi tu. Nikamwambia atulie, mjomba wake yupo.

Jumamosi, 7 Juni

Usafi siku nzima. Viti vyangu nimevipanga mstari mmoja kama gwaride. Mikanda yote nimeipaka mafuta ya mbuzi, inang'aa.

Daftari la kazi nimelijaza. Miezi mitano kwa asubuhi moja, kalamu moja, wino mmoja. Rehema amelifungua, amelitazama, amelifunga. Amechana kurasa zangu zote. Akasema tutawaambia ukweli kwamba halikuandikwa. Nimekasirika. Mwandiko ule ulikuwa mzuri.

Mchana nimewaketisha watoto vitini wazoee kukaa wametulia mbele ya wageni. Mikanda miwili mabegani, inapishana kifuani, inakutana nyuma ya kiti. Kifungio kiko huko nyuma, chini kabisa. Hakuna mkono unaokifikia. Huo ndio ufundi. Punda ukimwekea kifungio anapoweza kukifikia kwa meno, asubuhi unamkuta shambani kwa jirani. Nilifundishwa hivyo Mpwapwa, nikaboresha.

Zawadi alikuwa ananitazama nikikaza. Mtoto yule anatazama mtu mpaka unajisaili umefanya nini. Akaniuliza wageni watakaa siku ngapi. Mbili, nikamwambia. Akasema sawa.

Jumatatu, 9 Juni

Wamefika. Nilitegemea msafara wa magari. Wameshuka kwenye bajaji.

Wawili. Bwana mrefu mwenye miwani, na mkubwa wake, Bi. Hidaya. Mama mfupi, umri kama wangu, mguu mmoja wa bandia, fimbo mkononi. Yeye alitangulia kuingia peke yake. Nikadhani amekuja kutengenezewa mguu. Nikamwelekeza kwenye benchi la wanaosubiri, nikaendelea na shughuli zangu. Akakaa. Akasubiri katikati ya akina mama na watoto, anaongea nao. Nusu saa nzima. Rehema alipotoka na kumpa shikamoo ndipo nilipojua kwamba nimemweka mkaguzi mkuu kwenye foleni. Hakulalamika. Aliandika. Baadaye alituambia alichoandika: mapokezi yana adabu, lakini hakuna aliyemuuliza shida yake.

Nilidhani ataanza na ofisi. Alianza na choo. Akapima upana wa mlango kwa futi yake mwenyewe, akaingia, akajifungia, akatoka. Akaenda jikoni. Akamuuliza Mama Tabu mtoto asiyependa mlenda anapewa nini. Mama Tabu akajibu kwamba mlenda unapendwa na kila mtu. Akaandika.

Akaomba kuona sanduku la maoni. Tupu. Nikamwambia kwa fahari kabisa kwamba kwetu hakuna anayelalamika, hata mmoja. Akaniangalia kwa upole, jinsi unavyomwangalia mtu aliyelazwa. Akauliza ufunguo anao nani. Mimi. Nani alilitundika. Mimi, pazuri, usawa wa kichwa changu, lisichezewe. Basi akakaa kwenye kiti cha mtoto, akanyoosha mkono kuelekea juu. Haukufika. Akaandika.

Nakiri. Nimekutana na watu wazito katika maisha yangu, na wengine walinifuata wenyewe kuomba ushauri. Sijaona mtu anayeona namna hii. Sisi tunaona ukuta umepakwa rangi. Yeye anaona mkono ambao haujafika.

Jumanne, 10 Juni

Leo karakana. Niandike yote, hata nisiyoyataka.

Nilimpokea vizuri. Nilimwonyesha mninga, nikamwonyesha ngozi, nikaanza kumweleza habari za lori. Alisikiliza. Kisha akasema, "Fundi, naomba nikae." Nikamvutia stuli. Akatikisa kichwa, akaelekeza fimbo kwenye kiti namba kumi na tisa, kile kikubwa ambacho hakijapata mwenyewe.

"Nifunge kama unavyowafunga wao."

Nikamfunga. Nikakaza hasa, aone kazi. Yule bwana wa miwani akatazama saa yake. Mimi nikaendelea na hadithi.

Nzi akatua shavuni mwake. Akatikisa kichwa. Nzi akarudi. Mikono yake ilikuwa inatembea kuanzia kwenye kiwiko tu, juu imebanwa na mikanda yangu. Upepo ukasukuma dirisha, vumbi likamwingia machoni, akafumba. Fimbo ikateleza, ikaanguka sakafuni. Akaitazama pale ilipolala. Mimi niko kwenye korongo na punda wangu wawili, ndio kwanza gurudumu la nyuma linaanza kupanda.

Akasema anaomba kutoka.

Nikamwambia, "Ngoja nimalizie."

Ndivyo nilivyosema. Kwa mkaguzi mkuu. Naye akangoja. Nilimaliza mpaka kwenye watu waliopiga magoti, ndipo nikazunguka nyuma, nikainama, nikamfungua. Hakuwa na hasira. Akajipangusa macho na kuniuliza kwa nini kifungio kiko kule nyuma. Nikamweleza. Nilijieleza vizuri sana, kama mwalimu. Punda, kamba, jirani, shamba. Nikafika kwenye neno "meno". Hapo nikajisikia mwenyewe ninachosema.

Zawadi alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, kasukumwa na mlezi, kaachwa hapo. Bi. Hidaya hakuniuliza mimi tena. Hakumuuliza Rehema. Alivuta stuli, akakaa usawa wa uso wa mtoto.

"Zawadi, ukitaka kutoka kwenye kiti unafanyaje?"

"Nangoja."

"Huiti mtu?"

"Nikiita sana wanachoka. Kwa hiyo nangoja."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipopewa kiti. Miaka miwili."

Alisema bila kulalamika hata kidogo. Kama mtu anayetaja kijiji chake. Rehema alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Siku tuliyompa kiti kile tulipiga picha. Iko ofisini ukutani. Katikati ya picha niko mimi.

Jumatano, 11 Juni

Wameondoka. Wametuachia taarifa.

Mazuri ni mengi. Mazoezi ya Rehema, majalada yake, chakula, watoto wanavyolala. Hata daftari langu tupu limesamehewa kwa sharti, kwa sababu Rehema alisema ukweli. Upungufu mkubwa ni mmoja: watoto wanafungwa vitini bila uwezo wa kujifungua, na haijaandikwa popote kwa nini, nani aliamua, wala kwa muda gani. Umewekwa kwa herufi nene. Mmoja tu wa namna hiyo unatosha kutuangusha.

Wiki mbili. Wanarudi tarehe ishirini na tano. Wakiukuta bado upo, basi.

Rehema hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 12 Juni

Sikwenda kazini. Nimesema tumbo.

Nimepanga kurudi Mpwapwa. Punda hawakaguliwi na mtu.

Jioni Rehema amekuja, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, amekataa chai. Nikamwambia mwenyewe aajiri fundi mwenye cheti, mimi niliishia darasa la tano na nusu. Akaniacha niongee mpaka nikaisha. Kisha akasema, "Mjomba, mimi nimesoma, na nilipita mbele ya kiti kile kila asubuhi kwa miaka miwili, nikamsalimia, nikaendelea. Kosa lilikuwa langu kabla halijawa lako. Lakini mwenye mikono ni wewe."

Akaondoka.

Jumamosi, 14 Juni

Nimerudi. Hakuna aliyeniuliza habari za tumbo. Mama Tabu kaniwekea uji mzito na macho mazito.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Zawadi na futi yangu. Nikaanza kumpima kiuno. Yeye amenyoosha mikono pembeni kama alivyozoea kupimwa. Nikasimama. Nikaiweka futi chini. Nikatafuta kitu cha kukalia, nikakaa. Nikamuuliza angependa mkanda wake uweje.

Akashusha mikono.

"Anko, unaniuliza mimi?"

"Kuna mwingine hapa?"

Haki ya Mungu, mtoto yule alikuwa nayo tayari. Yote. Miaka miwili amekaa anafikiri, hakuna aliyegonga mlango. Mkanda wa kiunoni mmoja, mpana. Wa kifuani mmoja, upite chini ya kwapa, usipite mabegani, kwa sababu wa mabegani unazuia mkono kushuka mpaka kwenye gurudumu. Ndiyo maana huwa anasukumwa. Magurudumu ya baiskeli nilimwekea mimi, kwa majigambo yote, na mikanda niliyomwekea mimi ilimzuia kuyagusa. Kifungio kiwe mbele, upande wa kushoto, mkono wa kushoto ndio wenye nguvu. Kisiwe cha chuma, kinachuna. Kiwe kama cha mabegi ya shule, kile cha plastiki cha kubana kwa vidole.

Akafungua daftari lake la hesabu, kurasa za nyuma. Amekichora. Kiti, mkanda, kifungio, mishale ya kuonyesha kinapofungukia. Nimefanya kazi hii miaka thelathini, sijawahi kuchora mchoro kama ule. Nilikaa nao mapajani nimeduwaa. Nilihisi kama nimepewa mtoto mchanga nimshike.

"Na mafuta ya mbuzi usipake," akasema. "Kituo kizima nzi wananipenda mimi tu."

Nikacheka. Kisha nikakumbuka yule nzi wa juzi. Nikaacha.

Jumanne, 17 Juni

Mjini, duka la mzee Jivan. Familia yake inauza mabegi, zipu na nyuzi hapa Dodoma tangu babu yake. Nikaomba vifungio vya plastiki ishirini na viwili. Akauliza vya kazi gani. Nikamwambia jeshi wameniomba niwashonee miavuli ya kurukia kutoka kwenye ndege. Akavua miwani, akanitazama. Basi nikamwambia ukweli. Sijui kwa nini. Wiki hii nimelegea.

Mzee akafunga droo ya fedha, akavuta sanduku zima la vifungio, akakaa nalo. Akafumba macho. Akaanza kujaribu kimoja kimoja kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, vilivyo dhaifu. Kila kilichomkaidi alikiweka pembeni. "Hiki kwa mtoto kitaleta tabu. Hiki pia." Wateja wakajaa, wakasubiri, hakuna aliyenung'unika. Amenichagulia vyote ishirini na viwili kwa namna ile.

Hakuna aliyemwomba. Nimetembea mpaka Chang'ombe kwa miguu, sikutaka kupanda kitu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeshona siku tatu, vidole vimevimba. Kila kiti nimeanza na mwenye kiti. Anayeongea ananiambia. Asiyeongea, mama yake anakaa nasi, na tunamsoma yeye mwenyewe, uso wake, mkono wake unapojikunja. Nimechelewa sana. Nilidhani nawajua watoto hawa. Nilikuwa najua viti.

Baraka, mmoja wao, mikono yake haishiki kitu, ana mtindio wa ubongo, na bila mkanda anadondoka. Kwake mkanda lazima ufungwe na mtu. Rehema ameandika kwenye jalada kwa nini, mama yake amekubali na kuweka dole gumba, na kila nusu saa anafunguliwa apumzike, anaandika aliyemfungua. Mimi nikaongeza langu. Nimemtundikia kengele ya mbuzi karibu na shavu. Akitaka kutoka anaisukuma kwa uso. Leo ameisukuma mara arobaini. Tumekwenda mara arobaini. Kila tukifika anacheka mpaka mate yanamtoka. Alikuwa hataki kutoka. Alikuwa anatazama kama tutakuja kweli.

Sasa Zawadi.

Saa nne asubuhi nimemaliza kiti chake, nimemfunga mara ya mwisho kwa mikono yangu, nikarudi nyuma hatua tatu. Akateremsha mkono wa kushoto. Tak. Ukafunguka. Akaufunga. Tak. Akafungua. Akafunga. Sijui mara ngapi, nilipoteza hesabu. Hakuwa anatabasamu. Alikuwa anafanya kazi.

Kisha akaufunga, akashika magurudumu, akaondoka.

Alipita karakana, akapita jikoni, akashika njia ya kokoto kuelekea getini. Polepole, mabega yanapanda na kushuka. Mlezi akakimbia amshike. Rehema akainua mkono, mlezi akasimama. Kituo kizima kikasimama. Mama Tabu ametoka na mwiko. Zawadi akafika getini, akapiga breki kwa viganja. Hakutoka. Alikaa tu pale akitazama nje. Bodaboda zikapita. Mwanamke akapita na beseni la mihogo. Mbuzi wakapita. Alikaa nusu saa, jua limempiga usoni, kisha akageuza mwenyewe, akarudi.

Viganja vyeusi kwa mpira na vumbi. Nikamuuliza ameona nini.

"Barabara," akasema.

Nimekwisha kusimulia watu jinsi nilivyomkaba simba. Nimesimulia nilivyoita mvua Mpwapwa ikaja. Leo nimeona kitu kikubwa kuliko hivyo, na hiki kimetokea. Sina namna ya kukiongezea chumvi. Nimejaribu tangu mchana.

Daftari la kazi: kurasa nne. Nimeandika mwenyewe, siku kwa siku.

Jumatano, 25 Juni

Wamerudi. Bajaji ile ile. Bi. Hidaya alinisalimia kwa Kigogo, mbukwa, nikasahau kuitikia.

Nikamuuliza shida yake. Akacheka. Akasema mguu unamchoma kwa kutembea, angependa kukaa kivulini. Nikamletea stuli.

Hakusema anakagua. Alikaa tu uani asubuhi nzima. Aliona watoto wakijifungua. Aliona Baraka akigonga kengele na mlezi akitoka mbio na sabuni mikononi. Alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa, kidole chini ya mstari. Alikaa na Zawadi peke yao, mbali, hatukusikia. Sanduku la maoni sasa liko chini, usawa wa kiti, na ufunguo wanao mama wawili wa watoto. Lilikuwa na karatasi tisa. Akazisoma zote. Mojawapo inasema mlenda umezidi. Mama Tabu akatazama ukuta.

Saa nane wakaingia ofisini kwa kikao cha mwisho, wakaguzi, Rehema, wafanyakazi, na Zawadi kuwakilisha watoto. Rehema alisoma marekebisho. Yule bwana akauliza, kosa kama hili linawezaje kukaa miaka miwili. Hapo mimi nikasimama. Nikasema, mheshimiwa, kosa ni langu, mimi Ndahani, fundi. Nikawaeleza mwanzo hadi mwisho, punda na yote. Sauti yangu haikutetemeka. Nilisema karibu nusu saa. Bwana wa miwani alivua miwani. Bi. Hidaya aliweka kalamu chini. Nilipokaa hakuna aliyekohoa.

Kisha Bi. Hidaya akatamka. Tumeidhinishwa. Mwaka mmoja, kwa masharti. Fundi apelekwe mafunzo ya vitimwendo. Madaftari yaandikwe. Watarudi bila kutoa taarifa.

Zawadi habanduki. Baraka habanduki. Hakuna anayerudi kulala akitazama kuku.

Mama Tabu amelia ndani ya sufuria. Wali wa leo una chumvi.

Alhamisi, 26 Juni

Nimefungua karakana. Upepo umetulia. Baridi kidogo.

Nimekaza spoku za kiti cha Baraka. Nimeandika.

Kuna jambo moja linanisumbua, niliandike halafu niendelee na kazi. Hotuba ya jana haikuwepo. Sikusimama. Sikuwemo hata ndani. Walipoanza kuingia ofisini, mimi nilizunguka nyuma ya jengo, nikachuchumaa nyuma ya tangi la maji, nikaziba masikio kwa vidole. Yale ya kikao nimeyapata kwa Mama Tabu. Aliyejibu swali la yule bwana ni Rehema. Alisema "mkuu wa kituo ni mimi", akakaa.

Nilikaa kule muda mrefu. Kisha nikasikia magurudumu kwenye kokoto. Zawadi. Alikuwa ametoka kikaoni peke yake kunitafuta, akazunguka jengo lote.

"Anko, tumepita. Toka basi, wanakuulizia."

Nikamwambia nilikuwa nakagua koki ya tangi, nasikia inavuja.

Akasema sawa. Akageuza uso pembeni, akanisubiri. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikainuka kwa kushika mkono wa kiti chake.

Koki ilikuwa nzima.